Nguo ya zimamoto na sumu ya moshi: mwongozo kamili kwa vikosi vya Mwanza na kando ya ziwa

Ghala la nyavu likishika moto Kirumba, kinachoungua humo ni nailoni, maboya ya plastiki, kamba, mafuta ya injini za mitumbwi, na pengine godoro la mlinzi. Nailoni ina nitrojeni, na povu la godoro vilevile. Vikiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa sianidi ya hidrojeni, gesi inayozizuia seli za mwili kutumia oksijeni hata pale damu inapokuwa nayo tele. Mabomba na dari za PVC hutoa kloridi ya hidrojeni, ambayo huchoma macho na njia ya hewa. Juu ya hayo kuna kaboni monoksaidi, benzini, fomaldehidi, na masizi yaliyobeba kundi la kemikali linalofupishwa PAH, ambazo baadhi yake husababisha saratani.

Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zimamoto katika Kundi la 1, yaani kundi la mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi uliotosha ulikuwa wa saratani ya kibofu cha mkojo na wa mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu ambayo chanzo chake kikuu ni asbesto. Kwa hiyo nguo ya zimamoto haina budi kutazamwa kama kinga ya sumu sawasawa na inavyotazamwa kama kinga ya joto. Kinga hiyo ya sumu ina mianya, na mianya hiyo huzibwa na mazoea ya askari mwenyewe.

Nawaandikia askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, vikosi vya ndani vya viwanda vya minofu ya sangara na vya pamba, na wakubwa wao wanaosaini manunuzi ya vifaa.

Sumu inaingilia wapi

Njia ya kwanza ni mapafu. Ya pili ni ngozi, na hii ndiyo inayosahaulika. Ngozi ya shingo, taya na kinena ni nyembamba, na askari akipata joto na jasho, damu huja kwa wingi juu ya ngozi na kemikali hupenya kwa urahisi zaidi. Ya tatu ni kinywa: mkono wenye masizi unaoshika chupa ya maji, muhogo au sigara.

Mwaka 2015 huko Marekani lilifanyika jaribio linaloeleza jambo hili kuliko maneno yoyote. Wazimamoto waliovaa mavazi kamili waliingizwa kwenye chumba chenye chembechembe zinazong'aa chini ya taa maalumu. Walipovua, mng'ao ulionekana mwilini mwao, hasa shingoni na taya, na pale vipande viwili vya vazi vinapokutana. Mavazi yalikuwa mazima. Chembe zilipita kwenye maungio, na kwenye kitambaa chepesi kinachofunika kichwa na shingo.

Koti na suruali vina matabaka matatu. La nje limefumwa kwa nyuzi za aramidi na kazi yake ni kuhimili miali na michubuko. La kati ni utando mwembamba unaozuia maji na kemikali za majimaji huku ukiruhusu mvuke wa jasho utoke. La ndani huzuia joto, na kwa kawaida hushonwa pamoja na la kati. Ukilivaa koti bila tabaka lake la ndani kwa sababu ya joto la mchana, umebaki na ganda tu, na majimaji machafu yatakufikia mwilini. Hata likiwa kamili, vazi hili halizuii gesi: benzini iliyo katika hali ya mvuke inaweza kupenya. Ndiyo maana muda wa kukaa ndani ya moshi, na muda wa kukaa ndani ya nguo chafu baada ya moshi, vina uzito mkubwa.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya zamu, kengele isikukute hujajiandaa

Fungua koti, ulitazame ndani na nje. Tafuta mshono ulioachia, tundu, zipu isiyofunga, mkono wa koti uliolegea. Mulika tochi nyuma ya tabaka la ndani. Mwanga ukipenya mahali kuliko kwingine, pamechakaa. Utando wa kati hupimwa hivi: laza tabaka la ndani juu ya ndoo likibonyea katikati kama bakuli, mimina mchanganyiko wa sehemu moja ya spiriti kwa sita za maji, subiri dakika tatu. Likivuja upande wa pili, koti hilo haliingii tena ndani ya jengo linaloungua.

Mavazi mengi katika nchi zetu ni ya msaada, yametumika Ulaya au Marekani kabla ya kufika hapa. Sina ugomvi na msaada. Ila lebo isomwe: ipo wapi tarehe ya kutengenezwa, limekidhi kiwango gani (EN 469 kwa Ulaya, NFPA 1971 kwa Marekani)? Kwa viwango vya Marekani vazi hustaafishwa likitimiza miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama halijavaliwa sana. Lililopita muda huo litumike kufundishia mazoezi yasiyo na moto. Na mavazi ya msaada yakifika, yafuliwe kabla ya mtu yeyote kuyajaribu, kwa maana yanaweza kuja na masizi ya moto usioujua.

Kipimo cha mwili nacho kisipuuzwe. Koti na suruali vipandane kwa sentimita 5 au zaidi hata ukiinama. Koti fupi kwa mtu mrefu huacha kiuno wazi kila anapoinua mpira wa maji.

Hatua ya 2: Vaa na uzibe mianya

Suruali na buti kwanza, suruali ikianguka nje ya buti. Kisha barakoa ya mtungi wa hewa ya kupumulia, halafu kitambaa cha kichwa na shingo (vijana wanakiita kininja) juu ya mikanda ya barakoa, kikigusa ukingo wa kioo pande zote. Koti, kola juu, velkro ya kola ifungwe. Helmeti, mkanda wa kidevu. Glovu ziwe za mwisho, na mkono wa koti ufunike mahali glovu inapoanzia.

Pesa zikiwa chache na kituo kinataka kuboresha kitu kimoja, ushauri wangu ni kununua vininja vya kuzuia chembe, vyenye tabaka la kichujio ndani. Ni vya bei ndogo ukilinganisha na koti, na vinaziba mahali ambapo jaribio lile lilionyesha uchafu mwingi zaidi. Kila askari awe na viwili, kimoja kikiwa kinafuliwa.

Ndevu ziondolewe mahali barakoa inapokaa. Mtungi wenye shinikizo chanya husukuma hewa nje pakiwa na uvujaji mdogo, lakini ndevu hula hewa yako na zinaweza kuruhusu moshi unapovuta pumzi kwa nguvu.

Hatua ya 3: Hesabu hewa yako, hasa milimani

Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi bar 300 (bar ni kipimo cha shinikizo) una hewa kama lita 2,000. Filimbi ya tahadhari hulia karibu na bar 55, kwa hiyo hewa ya kazi ni kama lita 1,650. Anayetumia lita 40 kwa dakika ana takribani dakika 40. Anayepanda ngazi za mawe za Mabatini au Bugarika akiburuta mpira hufika lita 60 au zaidi, na dakika zake hushuka hadi 27 au chini ya hapo.

Gari haliwezi kupanda huko, na hapo ndipo kishawishi kinapoingia: kupanda na koti wazi, barakoa ikining'inia kifuani, hewa "itunzwe". Panda na mtungi mgongoni bila kuufungua, na uvae barakoa pale moshi unapoanzia. Usisubiri mpaka ukohoe. Mtungi wa akiba upandishwe na mtu wa pili mapema.

Barakoa za kitambaa na zile za hospitali hazizuii gesi hata moja. Za kichujio cha kawaida hazizuii kaboni monoksaidi wala hazikupi oksijeni mahali ilipopungua. Ndani ya moshi ni mtungi tu.

Kwa vikosi vya viwanda vya samaki, neno moja la ziada. Vyumba vya baridi vina kuta zenye povu ndani, na mitambo mingi mikubwa ya baridi hutumia amonia. Amonia hupenda unyevu, hivyo huishambulia ngozi yenye jasho, kwapa na kinena kwanza. Nguo ya zimamoto haizuii amonia. Uvujaji mkubwa unahitaji vazi la kemikali lisilopitisha gesi. Asiye nalo ahamishe watu upande upepo unakotoka na apige 114.

Hatua ya 4: Egesha ukiujua upepo wa ziwa

Mchana upepo kwa kawaida huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu; usiku hugeuka. Moto wa saa nane mchana Kirumba unataka gari, mitungi ya akiba na sehemu ya kuoshea viwe upande wa ziwa. Moto wa saa tisa usiku unaweza kutaka kinyume chake. Dhoruba za ziwa huvuruga kanuni hii, kwa hiyo neno la mwisho liwe la moshi wenyewe: tazama unakoelekea. Dereva na mwendesha pampu nao wako kazini, na mara nyingi ndio wanaovuta moshi kwa muda mrefu bila kinga yoyote.

Hatua ya 5: Moto umezimika, barakoa ibaki usoni

Wakati wa kufukua masalia, miali haipo, moshi ni mwepesi, kila mtu amechoka. Wengi huvua barakoa hapo. Magodoro na nyavu zinazofuka bado zinatoa gesi, na chembe zake ndogo hazionekani kwa macho. Kipimo cha kaboni monoksaidi kikisoma sifuri hakisemi lolote kuhusu sianidi, benzini wala asbesto. Nyumba na maghala ya zamani yenye mabati ya asbesto yana hatari ya pekee, kwa sababu mabati hayo hupasuka kwa joto na nyuzi zake hurushwa hewani. Mahali hapo lowesha kila kitu, usifagie, usikung'ute nguo.

Wananchi watakuja kusaidia kutafuta mali zao. Waombe kwa heshima wakae pembeni. "Mama, tupe muda kidogo, bado kuna sumu" hueleweka kuliko filimbi.

Hatua ya 6: Osha kabla ya kuvua

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kwa gharama ndogo, nami naiona ikirukwa kuliko zote.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha njia tatu za kusafisha koti palepale kwenye tukio. Kusugua kwa brashi kavu kuliondoa kama asilimia 23 ya PAH. Kupuliza hewa hakukufanya kitu cha maana. Maji, sabuni na brashi viliondoa kama asilimia 85. Hizo ni dakika chache za kazi, kwa vitu vinavyopatikana duka lolote la Nyakato.

Vifaa: ndoo mbili, sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo, brashi yenye nywele laini yenye mpini mrefu, glovu za mpira, na bomba la mgongoni la kupulizia, lile la lita 16 au 20 linalojulikana na kila mkulima wa pamba Kanda ya Ziwa. Liwe jipya. Lililowahi kubeba dawa ya wadudu halisafishiki vya kutosha kwa kazi hii. Uzuri wake ni kwamba linapanda mlimani mgongoni mwa mtu, na halimwagi maji mengi yakateremka kwenye nyumba za chini.

Anayeoshwa abaki na barakoa akivuta hewa ya mtungi. Kwanza apoe kidogo, maana koti likiwa la moto sana maji yanaweza kugeuka mvuke na kumuunguza. Msuuze kwa maji ya shinikizo dogo kutoka helmeti kushuka hadi buti. Kisha maji ya sabuni, usugue kwa upole: mabega, mikono, kifua, chini ya mikanda ya mtungi, magoti, buti na nyayo. Suuza tena kuanzia juu. Mtungi na mikanda yake nayo ioshwe. Anayeosha asimame upande upepo unakotoka, avae glovu, kinga ya macho na barakoa ya kuzuia chembe.

Maji machafu yasielekezwe mtoni Mirongo wala kwenye mtaro unaoshuka ziwani. Ziwa hilohilo ndilo tunalokunywa na ndilo linalolisha mji. Tumia maji kidogo, na pawapo na nafasi weka turubai lenye kingo zilizoinuliwa ukusanye.

Jambo jingine la hapa kwetu: usiende kusuuza mavazi ufukweni umesimama majini. Maji ya kina kifupi ya Ziwa Victoria yana kichocho cha tumbo. Na kwenye malambo ya bara, kuelekea Misungwi na Kwimba, kuna kichocho cha mkojo, ambacho chenyewe husababisha saratani ya kibofu. Askari ambaye kazi yake tayari inatishia kibofu chake asiongeze mzigo wa pili.

Hatua ya 7: Vua bila kujipaka

Mwenzako aliyevaa glovu safi akusaidie. Helmeti itoke kwanza. Mtungi ushushwe na ushikiliwe na mwenzako, barakoa ikiwa bado usoni. Vua koti kwa kuligeuza ndani nje, uso wa nje usikuguse. Suruali na buti vitoke pamoja. Inama mbele, toa kininja na barakoa kwa kuvivuta kutoka nyuma kuja mbele, macho yamefumbwa. Kila kitu kiingie kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko, lililoandikwa CHAFU, likae nyuma au juu ya gari. Chumba cha dereva hakipokei nguo iliyotoka motoni, kwa sababu kemikali huendelea kutoka kwenye nguo hiyo na ndani ya chumba kilichofungwa huvutwa na wote.

Papo hapo futa shingo, uso, nyuma ya masikio na mikono kwa vitambaa laini vyenye unyevu, vile vya kufutia watoto. Utafiti uleule ulionyesha kwamba kufuta shingo kuliondoa zaidi ya nusu ya PAH zilizokuwa pale. Nawa mikono kabla ya kunywa maji. Kituoni oga kwa sabuni, ndani ya saa moja ikiwezekana, maji ya uvuguvugu au ya kawaida, na ubadilishe hadi nguo za ndani.

Usirudi nyumbani kwa daladala au bodaboda na nguo ulizozimia moto. Na usimpe mkeo, mumeo au dada wa kazi aziloweke pamoja na sare za shule za watoto. Masizi unayoyaona kwenye beseni ni ya kazi ileile iliyowekwa Kundi la 1.

Hatua ya 8: Kufua

Nguo ifuliwe kila inapotoka kwenye moshi, hata kama utaambiwa "moto ulikuwa mdogo". Fuata lebo ya mtengenezaji kwanza. Kwa jumla: tenganisha tabaka la nje na la ndani, funga zipu na velkro zote, geuza nje ndani. Maji yasizidi nyuzi 40 za Selsiasi. Sabuni iwe laini. Dawa za klorini za kung'arisha nguo ni mwiko, kwani hudhoofisha aramidi. Vilainisha nguo navyo viachwe.

Mashine kubwa ya kufulia kituoni ndiyo suluhisho zuri, na viwanda vinavyopakana vinaweza kuchangia moja. Pasipo mashine, fua kwa mikono ndani ya karai lililotengwa, umevaa glovu na aproni, usugue kwa brashi laini, usuuze mpaka maji yawe meupe. Maji hayo yaende kwenye mfumo wa majitaka. Zungumzeni na MWAUWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Mwanza, kuhusu sehemu ya kumwagia.

Kuanika vibaya kunaharibu mavazi mengi. Mwanza mawe yapo kila mahali na jua ni kali, mtu huona jiwe akatandaza koti. Mwanga wa jua huvunja nyuzi za aramidi, na koti linaloonekana zima linaanza kuchanika. Anika kivulini penye upepo, kwenye henga pana, tabaka la ndani likitazama nje. Lisivaliwe likiwa na unyevu: joto la moto litageuza maji hayo kuwa mvuke juu ya ngozi yako.

Hifadhi mavazi kwenye chumba chake, mbali na vitanda, jiko na moshi wa injini za magari. Mavazi mengi yenyewe yametibiwa kwa kemikali za kundi la PFAS, zisizooza kirahisi na zinazohusishwa na madhara ya kiafya, ili yasishike maji na mafuta, na hilo latosha kuwa sababu ya kutoyavaa kwenye gwaride, maonyesho ya shule au kupigia picha.

Kituo chenye seti moja kwa kila mtu hukwama hapa: nguo ikiwa kwenye maji, kengele inalia. Mpango unaowezekana ni kuwa na seti chache za akiba za vipimo vya kati na kubwa, na vininja na glovu mara mbili ya idadi ya askari. Mkuu wa kituo akiomba bajeti, aanze na hivyo kabla ya makoti mapya.

Hatua ya 9: Andika

Saratani nyingi huchukua miaka mingi kujitokeza, na kufikia hapo kumbukumbu za vichwani zimefutika. Kila askari awe na daftari lake: tarehe, mahali, kilichoungua, muda aliokaa kwenye moshi, kama alitumia mtungi wakati wa kufukua, kama alioshwa, dalili alizopata. Kiongozi wa zamu asaini. Kwa mwajiriwa anayekuja kudai haki kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, kurasa hizo zitasimama badala ya maneno matupu.

Mpeleke daktari daftari hilo unapopimwa afya kila mwaka, umweleze kazi yako bila kungoja akuulize. Mkojo wenye damu, hata mara moja na hata bila maumivu, usipewe jina la kichocho nyumbani kisha ukanywa dawa ukasahau. Nenda kituo cha afya wapime, na wasipoona mayai ya kichocho omba rufaa ya kuchunguzwa kibofu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando iko hapahapa mjini.